Kabla ya kununua roboti, tuulize ni nani atakayezipishanisha njiani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ulioanza majuma mawili yaliyopita, pale msomaji mwenzangu alipoandika kwamba viwanda vitakavyojengwa katika eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, hapa Mombasa, havitatufaa kitu iwapo havitakuwa na roboti, na kwamba kinachotukwamisha ni fedha za kuzinunulia. Barua yake nimeisoma mara mbili, kwa kuwa imeandikwa kwa uchungu wa mtu anayeupenda mji wake, na kuhusu Dongo Kundu sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hilo neno kununua. Nimefanya kazi miaka tisa katika karakana moja ya vipuri vya pampu na vali huko Ghuba, karakana iliyokuwa na mikono ya roboti pamoja na vigari visivyo na dereva, na katika miaka yote hiyo siku ambazo roboti yenyewe ilitushinda ni za kuhesabu kwa vidole. Kilichotushinda mara kwa mara ni kuzifanya roboti nyingi zitumie sakafu moja bila kuzibiana njia.

Mkono wa roboti si kitu kigeni duniani. Ule wa kwanza kuingia kiwandani, Unimate, ulianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ukitoa vyuma kwenye kalibu vikiwa bado vya moto. Kigari kisicho na dereva kina umri mkubwa zaidi. Kampuni ya Barrett Electronics ya Marekani ilikuwa navyo katika miaka ya 1950, vikifuata waya. Mwenye fedha leo huagiza chochote kati ya hivyo viwili, kikaletwa bandarini Kilindini ndani ya kontena pamoja na kitabu cha maelezo. Ila hakuna kontena linaloletwa likiwa na maelewano kati ya vitu hivyo ndani yake.

Kwa msomaji asiyeijua karakana ya namna hii, nieleze kidogo. Kiwanda cha soda ni mstari mmoja: chupa huingia upande huu ikatokea upande ule, na kila chupa hufuata nyayo za iliyotangulia, kwa hiyo ukishaupanga mstari umemaliza. Karakana inayobadilika haina mstari. Asubuhi mteja anataka flanji 40 za pampu, yaani visahani vya chuma vya kuungia mabomba, mchana anakuja mwingine anataka bushi 12 za shaba, na kabla jua halijatua kuna meli inayosubiri shafti ambayo lazima iwe tayari kabla maji hayajajaa. Mashine ni zile zile, lakini kila kazi ina safari yake: flanji hukerezwa, ikaenda kutobolewa, ikarudi tena kukerezwa; bushi hupita mara moja ikaishia hapo; shafti hutembelea karibu kila mashine. Wazo hili lilianza kuchukua sura London katika miaka ya 1960, ambako mhandisi Theo Williamson wa kampuni ya Molins alibuni mpango alioupa jina System 24, kwa kuwa ulikusudiwa kufanya kazi saa 24 kwa siku, na saa 16 kati ya hizo bila mtu kusimama mashineni. Tangu hapo swali limebaki lile lile: mashine zikiwa zimeachiwa sakafu peke yao, nani anaamua ni kipi kitangulie, kibebwe na nani, na kipitie wapi?

Nisimulie usiku mmoja tu. Ilikuwa zamu ya usiku, yapata saa nane, nami nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha kioo pamoja na mwenzangu mmoja wa Kerala, chai ya maziwa mbele yetu. Karakana ikanyamaza. Aliyezoea mashine husikia ukimya haraka kuliko kelele, kwa hiyo tuliinuka wote wawili kwa pamoja. Hakuna kilichovunjika. Mkono wa roboti ulikuwa umesimama mbele ya mashine ya pili ya kukereza, umeshika flanji ghafi, kama mgeni aliyefika mlangoni na zawadi mkononi akakuta hakuna wa kumpokea. Ndani ya mashine kulikuwa na flanji nyingine iliyokwisha kukerezwa, maji ya kupozea yakiwa bado yanaidondokea tone moja moja, nayo mashine ilikuwa inasubiri mkono uje kuitoa. Mkono huo ulikuwa na kiganja kimoja tu, na kiganja hicho kilikuwa kimejaa. Nyuma yake kigari kimoja kilikuwa kimeleta flanji nyingine ghafi, kinasubiri kupakuliwa. Nyuma ya hicho kulikuwa na kigari kitupu kilichotumwa kuchukua flanji zilizo tayari, kinasubiri cha mbele kiondoke. Na nyuma ya kitupu kulikuwa na vingine viwili ambavyo havikuwa na shughuli yoyote na mashine ile, vilikuwa wapita njia tu.

Tulipotazama kwenye skrini, kila mstari uliandikwa neno moja: inasubiri. Hapakuwa na king'ora kwa sababu, kwa hesabu ya kila mashine peke yake, hapakuwa na kosa. Mkono ulikuwa na haki ya kusubiri, mashine nayo ilikuwa na haki, na vigari vilikuwa na adabu kuliko tuktuk zote za Mwembe Tayari. Vingekaa hivyo mpaka asubuhi. Mwenzangu alibonyeza kitufe chekundu, akafungua lango la uzio, akavaa glavu, akaitoa ile flanji iliyo tayari kwa mikono yake na kuiweka chini. Tulipowasha upya, karakana nzima ikaamka ndani ya nusu dakika.

Mkaazi wa Likoni hana haja ya kuelezwa kosa lilikuwa wapi. Feri inapofika gatini, waliomo hushuka kwanza ndipo waliopo nje wapande. Hakuna anayeliona hilo kuwa ni elimu, ila siku watu wanapolazimisha kupanda kabla wa ndani hawajashuka, feri haiondoki, wa ndani hawatoki, wa nje hawaingii, na kila mmoja anasema ana haraka. Mkono wetu wa roboti ulikuwa umefanya hivyo hasa: umebeba abiria mpya kabla ya kumshusha wa zamani. Aliyeandika programu yake alikuwa ameupima ukiwa peke yake, na peke yake haukuwa na ila yoyote.

Mkwamo wa aina hii una nadharia yake, tena ya siku nyingi. Mwaka 1971 wataalamu watatu wa kompyuta, Coffman, Elphick na Shoshani, walieleza masharti manne ambayo lazima yatimie yote kwa pamoja ndipo mkwamo utokee: kwamba kitu kinachogombewa hakiwezi kutumiwa na wawili kwa wakati mmoja, kwamba kila mmoja anakishikilia alichonacho huku akisubiri kingine, kwamba hakuna anayeweza kupokonywa alichoshika, na kwamba wanaosubiriana wamefanya duara, huyu akimsubiri yule na yule akimsubiri huyu. Uzuri wa maelezo hayo ni kwamba ukilivunja sharti moja tu, mkwamo hauwezekani tena. Sisi tulivunja mawili. Tuliandika katika programu kwamba mkono usiokote flanji ghafi mpaka mashine itangaze kuwa iko tupu, na kando ya mkono tukaweka meza ndogo ya kuupumzishia mzigo, ili ukibanwa uweze kutua ulichoshika. Meza yenyewe tuliichomelea wenyewe kwa mabaki ya vyuma. Karakana iliyogharimu mamilioni iliokolewa na mistari miwili ya programu na meza ambayo fundi yeyote wa Jomvu angeitengeneza kabla ya chakula cha mchana.

Nisije nikaeleweka kwamba kazi ni kuweka makatazo tu. Ukikataza sana, hakuna kinachokwama na hakuna kinachokwenda. Mkono unaongoja mpaka mashine iwe tupu kabisa hupoteza muda ambao mkono wenye viganja viwili usingeupoteza, kwa kuwa wa viganja viwili hutoa kwa kimoja na kuweka kwa kingine. Lakini viganja viwili ni ghali zaidi na huongeza uzito. Mholanzi Edsger Dijkstra alipendekeza katika miaka ya 1960 njia ya katikati, ambayo mimi huwaeleza vijana kwa mfano wa mweka hazina wa chama. Mweka hazina mwenye akili hatoi mkopo kwa sababu tu sanduku lina fedha; kwanza anajiuliza kama, baada ya kutoa, bado zitabaki za kumtosha angalau mwanachama mmoja amalize shughuli yake na kurejesha, ili kwa marejesho hayo wa pili naye amalize, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Akiona mlolongo huo upo, anatoa; asipouona, mwombaji anangoja hata kama sanduku limejaa. Programu inayosimamia karakana inaweza kuuliza swali hilo hilo kila kigari kinapoomba kuingia kwenye njia na kila kipande kinapoomba mashine.

Kuhusu njia zenyewe, tulio Mombasa tuna mwalimu mwingine, nayo ni reli. Reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina njia moja, na treni inayotoka Nairobi hupishana na inayotoka hapa kwa moja kungoja kwenye stesheni ambapo njia hugawanyika. Hakuna dereva anayeamua kwa macho yake. Anapewa ruhusa ya kipande cha njia, na kipande hicho hakiwezi kupewa mwingine mpaka yeye akiachie. Sakafu ya karakana hugawanywa namna hiyo hiyo. Kila kipande cha njia na kila njia panda huwa na mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja, na kigari huomba vipande vya mbele yake kabla hakijavifikia. Ugumu unakuja katika urefu wa vipande. Vikiwa virefu, kigari kimoja kinaishika barabara nzima kama msafara wa harusi. Vikiwa vifupi mno, vigari viwili vinaweza kukutana uso kwa uso, kila kimoja kikiwa kimeshapewa kipande ambacho mwenziwe anakihitaji. Kwetu tuliishia kuzifanya njia nyingi kuwa za kwenda upande mmoja. Safari zikawa ndefu kidogo, lakini duara la kusubiriana likakosa mahali pa kuzaliwa.

Baada ya kupishana, kuna ratiba, na hapa ndipo napenda wale wanaosema kwamba kompyuta itajipangia yenyewe wasimame kidogo wafikiri. Mwaka 1963 ulichapishwa mfano mdogo wa tatizo la kupanga kazi 10 katika mashine 10, kila kazi ikiwa na mpangilio wake wa mashine. Mtu angedhani ni jambo la jioni moja. Katika mashine moja tu, kazi 10 zinaweza kupangwa kwa njia 3,628,800. Zidisha idadi hiyo kwa yenyewe mpaka iwe imetokea mara 10, moja kwa kila mashine, uone unakwenda wapi. Ratiba bora ya mfano ule ilikuja kuthibitishwa mwaka 1989 na Wafaransa wawili, Carlier na Pinson, baada ya miaka 26. Na katika mfano ule hakuna hata kigari kimoja, maana mizigo ilichukuliwa kuwa inaruka kutoka mashine hadi mashine bila kutumia muda. Mwaka 1995 watafiti wa Uturuki, Bilge na Ulusoy, walipolitazama suala la mashine 4 na vigari 2, waliona kwamba ratiba ya mashine na ratiba ya vigari zinafaa kupangwa pamoja, kwa kuwa saa ya kipande kuwa tayari inategemea kigari, na kigari kufika kunategemea kipande kilichotangulia. Vigari 2, mashine 4, na tayari kuna kitu cha kuandikia utafiti. Karakana yetu ilikuwa na mashine 11.

Kwa hiyo viwandani hakuna anayetafuta ratiba iliyo bora kuliko zote. Inatafutwa iliyo nzuri ya kutosha, inayopatikana upesi, na inayoweza kupangwa upya pindi mambo yakiharibika. Na mambo huharibika kila siku. Kuna kigari ambacho betri yake imeshuka kikakimbilia chaji katikati ya kazi; kuna kona nyuma ya rafu za chuma ambako mtandao haushiki, kigari kikifika hapo kinasimama kwa kukosa amri; kuna mtu aliyeacha ngazi njiani. Kuna pia binadamu mwenyewe. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa magari haya, ISO 3691-4 iliyotolewa mwaka 2020, inahusu namna yanavyopaswa kumtambua mtu na kusimama kabla ya kumgonga, na hilo halina mjadala. Lakini kila kigari kinaposimama kumpisha mtu anayevuka kwenda msalani, saa zote zilizopangwa nyuma yake zimekuwa za uongo, na programu inapaswa kuzipanga tena kabla uongo huo haujaenea karakana nzima.

Kuna wanaopendekeza kwamba kusiwe na mpangaji mkuu, bali mashine na vigari vielewane vyenyewe kwa mnada. Mtafiti Reid Smith aliandika kuhusu utaratibu huo mwaka 1980: mwenye kazi anaitangaza, wenye uwezo wanataja bei zao, na aliyetaja bei nafuu anapewa. Nauelewa uzuri wake, kwa kuwa kigari kimoja kikifa mnada unaendelea bila yeye, kama mnada wa samaki usivyovunjika kwa sababu tajiri mmoja hakufika. Udhaifu wake nao ni ule ule wa mnada: kila mauzo huangaliwa peke yake. Chukulia njia moja iliyonyooka. Mwanzoni kuna kazi ya pili. Mita 6 mbele yake kuna kigari A. Mita 4 mbele zaidi kuna kazi ya kwanza. Na mita 6 mbele ya hiyo kuna kigari B. Kazi ya kwanza ikinadiwa, A atashinda, kwa kuwa yuko mita 4 na B yuko mita 6. Ikija ya pili, amebaki B, naye yuko mita 16. Jumla ni mita 20, tena B lazima apite pale A alipo. Lakini angepewa A kazi ya pili na B ya kwanza, kila mmoja angetembea mita 6 tu, jumla 12, na hakuna ambaye angemkanyaga mwenziwe. Hesabu ya kuona mbali namna hiyo ipo tangu mwaka 1955, aliyoichapisha Harold Kuhn, na kijana wa chuo anaweza kuiandika kwenye kompyuta kwa siku chache. Maoni yangu, yaliyotokana na kuloa jasho wala si na vitabu, ni kwamba ugawaji wa kazi uwe wa pamoja, na kupishana kwa dharura kuachiwe vigari vyenyewe.

Jambo jingine ambalo wenye fedha hawapendi kulisikia ni kwamba kuongeza vigari hakuongezi kazi siku zote. Kwetu kulitokea wakati mzigo ulizidi, meneja akaagiza vigari viwili zaidi, navyo vilipoingia sakafuni kazi iliyotoka kwa siku ikapungua. Hakuna aliyeshangaa miongoni mwa mafundi. Vigari vilikuwa vinatumia muda mwingi kungojana kuliko kubeba. Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo ningependa kila mwekezaji aikariri kabla ya kutia saini: wastani wa vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja hukaa. Ukitaka vipande 12 kwa saa, na kila kipande kinakaa ndani saa 2, basi kwa wastani una vipande 24 sakafuni. Ikiwa ukijumlisha mashine, meza na vigari unapata nafasi 20, hesabu imeshakuambia kwamba mpango huo hautasimama, na imekuambia bure. Dawa tuliyoitumia ni ya kuchosha lakini ilifanya kazi: tuliweka kikomo cha vipande vinavyoruhusiwa kuwemo ndani, kingine kisiingie mpaka kimoja kitoke, na vile vigari viwili vya ziada vikawekwa akiba.

Nafika sasa kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Vile vigari viwili vya ziada vilinunuliwa kwa mtengenezaji tofauti na wa mwanzo, kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini. Vilipofika, ikaonekana kwamba programu ya vigari vya zamani haiwezi kuviona vipya, wala programu ya vipya haiwezi kuviona vya zamani. Kila kundi liliwachukulia wenzake kuwa ni vizuizi vilivyoachwa njiani na mtu asiyejali. Miezi minne ilipita mafundi wa pande mbili wakitupiana lawama kwa barua pepe, na ankara zikija kutoka pande zote mbili. Wajerumani walikwisha kuliona tatizo hilo: chama chao cha watengenezaji magari, VDA, kikishirikiana na chama cha watengenezaji mitambo, VDMA, kilitoa maelewano yaitwayo VDA 5050, yanayoeleza ujumbe ambao msimamizi na kigari wanapaswa kutumiana, awe kigari ni cha nani. Ndani yake kuna jambo moja ninalolipenda sana. Kigari hupewa safari yake ikiwa na sehemu mbili: sehemu ya karibu ambayo kimeruhusiwa kuipita, na sehemu ya mbali ambayo kinaijua lakini hakijaruhusiwa bado. Msimamizi huisogeza ruhusa mbele kidogo kidogo kadiri njia inavyokuwa wazi. Ni ile ile ruhusa ya treni, iliyoandikwa upya kwa ajili ya sakafu ya kiwanda.

Ombi langu kwa wanaoketi mezani na wawekezaji wa Dongo Kundu ni kwamba waulize maswali hayo kabla saini hazijawekwa. Vigari vitakavyoletwa vinafuata maelewano yaliyo wazi, au vinamtii bwana mmoja tu? Programu ya kuvipanga itakaa wapi, na mafundi wetu wataruhusiwa kuifungua na kuirekebisha, au kila mkwamo utangoja mtu aamke upande mwingine wa dunia? Je, kuna majaribio ya karakana nzima ndani ya kompyuta kabla ya bolti ya kwanza kukazwa sakafuni? Amazon ilipoinunua kampuni ya Kiva Systems mwaka 2012 kwa dola milioni 775, haikutoa fedha hizo kwa ajili ya magurudumu. Magurudumu yanauzwa popote. Ilinunua elimu ya kuyafanya mamia ya vigari yapishane ndani ya ghala moja, na baada ya hapo Kiva haikuendelea kuwauzia wengine kama zamani. Mwenye elimu hiyo akiondoka nayo, aliyebaki ana vyuma.

Wasomaji wa bandarini watauliza kuhusu ajira, na wana haki. Bandari ya Rotterdam ilianza kubeba kontena kwa magari yasiyo na dereva mwaka 1993, kwa hiyo si hadithi ya kesho. Sitawadanganya makuli na madereva wa trela kwamba hakuna kitakachobadilika. Katika karakana ile, vijana waliokuwa wakisukuma toroli usiku walihamishwa, na wengine mikataba yao haikuongezwa. Ninachoweza kusema ni kwamba palihitajika watu wapya wa kukaa na ratiba, kusoma skrini, kutambua mkwamo kabla haujaenea na kuandika kanuni za kupishana, na watu hao waliletwa kutoka nje kwa mishahara mikubwa kwa kuwa wenyeji hawakuwa wamefundishwa. Ningependa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho mizizi yake ni ile taasisi ambayo wazee wetu waliiita MIOME, pamoja na vyuo vidogo vya ufundi, vilitengee somo la kupanga na kupishanisha saa nyingi kama zile zinazotengewa umeme na uchomeleaji. Halihitaji roboti ghali. Linahitaji ubao, kompyuta ya kawaida na mwalimu mwenye subira.

Nasema hivyo kwa kuwa tunajaribu. Jioni za Jumanne na Alhamisi vijana saba hukusanyika katika chumba kimoja hapa Mikindani, tukiwa na vigari vitatu tulivyovitengeneza kwa mota za kuchezea watoto, na njia tulizochora sakafuni kwa utepe mweusi. Viwili vinapishana vizuri sasa. Tulipoongeza cha tatu kilianza kukwama karibu na mlango, mahali ambapo njia ya chaji inaungana na njia ya kurudi, na kila mara hukwama kikiwa na betri iliyokaribia kwisha. Nusu ya vijana wanasema kosa ni la ratiba iliyokituma kuchaji kwa kuchelewa. Nusu wanasema kipande kile cha njia ni kirefu mno na kikatwe. Alhamisi hii tutakikata tuone.

Wako,
Fundi wa mitambo,
Mikindani, Mombasa